Kamba, mkasi au panda: michoro mitatu ya reli nyepesi ya Malindi

Mpwa wangu anasomea upangaji miji. Likizo hii alikuja nyumbani Malindi na bomba la plastiki begani, lile la kubebea ramani, na usiku wa kwanza, tulipomaliza kula, akaitandaza michoro mitatu juu ya mkeka na kuizuia pembe isijikunje: huku kopo la sukari, huku koroboi, huku makubadhi yangu mawili. Mwalimu wao amewapa wote kazi moja. Kila mwanafunzi achukue mji wa kwao, autilie reli nyepesi, aonyeshe vituo viko wapi na njia zinaungana wapi. "Mjomba," akaniambia, "wewe umening'inia mlango wa matatu miaka kumi na tisa. Nichagulie mmoja."

Nitangulie kusema, nisije nikawaamsha madalali wa mashamba: Malindi haina reli, na hii ni kazi ya darasa. Lakini maswali yenyewe ni ya kweli, na siku hizi raia huitwa kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma, akawekewa ramani ya rangi ukutani, akaulizwa anapenda ipi. Wengi wetu tunachagua ile yenye rangi nzuri. Haya niliyomwambia kijana huenda yakamfaa mwingine.

Reli nyepesi, kwa asiyeijua, ni treni fupi ya umeme, mabehewa mawili matatu, inayoweza kupita katikati ya barabara na kukata kona ambayo treni ya Nairobi haiwezi hata kuiota. Umeme huchukuliwa kwenye waya wa juu, mara nyingi volti 750. Na wala si kitu kigeni kwa Mswahili. Zanzibar ilikuwa na reli yake ya kutoka mjini, karibu na Ngome Kongwe, hadi Bububu, kilomita 11 hivi, tangu 1905. Mombasa nako, mwanzoni mwa karne hiyohiyo, kulikuwa na troli juu ya reli nyembamba, na injini yake ilikuwa watu wanaosukuma.

Michoro yenyewe

Kamba ni njia moja tu. Inaanzia kiwanja cha ndege, inafuata barabara ya Mombasa hadi mjini, inapita Lamu Road, inatokea kaskazini mpaka daraja la Sabaki. Kilomita 10 hivi, na kijana ameipa vituo 20.

Mkasi una kamba hiyohiyo, ila inakatwa na njia ya pili inayotoka Ganda, inapita mjini na kuteremka Casuarina hadi kwenye hifadhi ya bahari. Njia hizi mbili zinakutana mahali pamoja, kama msumari wa mkasi. Anayetoka kiwanja cha ndege kwenda Casuarina anashuka hapo na kuunganisha.

Panda ni ile ya manati, ila ni mbili zimeungwa vishikio. Treni za kiwanja cha ndege na za Casuarina zinaingia reli moja kusini mwa mji, zinapita mjini zikifuatana, halafu zinaachana: hii Sabaki, hii Ganda.

Moyo wake ulikuwa kwa Panda, na sikumshangaa. Ndio mchoro unaopendeza machoni, na unaonekana kama ndio pekee usiomsumbua abiria kushuka na kupanda. Hata mimi nilianza upande huo.

Vituo vya karibu au vya mbali

Kabla ya kufika kwenye umbo la njia kuna jambo linalogusa michoro yote mitatu. Vituo vyake alivipanga kama punje za tasbihi, kila mita 500, toka mwanzo hadi mwisho, porini na mjini sawasawa. Mwenzake wa darasani, ananiambia, amepanga kila kilomita, na wawili hao wamebishana muhula mzima.

Tukakaa kitako tukapiga hesabu. Treni ikisimama inapoteza muda mara tatu: inapopunguza mwendo, inapongoja watu, inapoushika mwendo tena. Kwa treni inayokwenda kilomita 50 kwa saa na kukaa kituoni sekunde 20, kituo kimoja kinakula kama sekunde 34. Ukifuta vituo 10 katika vile 20, safari ya mwisho hadi mwisho inapungua karibu dakika sita. Makanga yeyote atakwambia dakika sita ni pesa.

Lakini mguu nao una hesabu yake. Vituo vikiwa kila mita 500, mtu anayeishi kando ya reli hutembea kwa wastani mita 125 kukifikia kimoja. Vikiwa kila kilomita, anatembea mita 250. Tofauti hiyo ni dakika moja na nusu, na unaizidisha mara mbili kwa sababu na huko anakoshuka atatembea. Jumla dakika tatu. Basi yule wa kutoka kiwanja cha ndege hadi Sabaki bado amepata faida ya dakika tatu. Yule wa kilomita tatu, anayetoka kwake kwenda sokoni, ameokoa chini ya dakika mbili ndani ya treni, akapoteza tatu juani.

Na Malindi ni mji wa safari fupi. Ndiyo maana tuktuk zimejaa. Mji ulihesabiwa watu wapatao 120,000 katika sensa ya 2019, si mji wa kuvuka kwa saa nzima. Kwa hiyo jibu langu halikuwa lake wala la mwenzake: mjini weka vituo kila mita 400 au 500, ukishatoka nje acha kilomita nzima au zaidi. Punje za tasbihi zikaribiane pale vidole vinapopita sana.

Kuna mtego mwingine ambao ramani haiuonyeshi. Casuarina kuna kuta ndefu za mahoteli na za nyumba za watalii. Kwenye karatasi kituo kiko mita 200 kutoka kwa watu. Kwa miguu, ukizunguka ukuta mpaka ulipate pengo, ni mita 600. Nilimwambia asipime kwa rula, apime kwa viatu, kisha kituo akiweke kwenye mdomo wa kichochoro, pale ambapo watu tayari wanatokeza. Ukikiweka katikati ya ukuta, utakuwa umewajengea walinzi wa lango mahali pa kukaa.

Kuunganisha

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo michoro inapotengana.

Nilipokwenda Dar es Salaam kumwona ndugu yangu nilipanda mwendokasi Kivukoni. Mwendokasi ni mabasi, si reli, lakini yamepangwa kama reli: yana njia yake tangu 2016, vituo viko katikati ya barabara, na jukwaa liko sawa na sakafu ya basi. Nilikuwa naenda Ubungo. Likaja basi, watu wakaingia, na mimi na mfuko wangu wa maembe nikaingia. Kilichonishtua ni kona ya Magomeni. Wenzangu wametulia, mimi naangalia dirishani barabara ya Morogoro inabaki nyuma. Kumbe lilikuwa la Morocco, mtaa wa hukohuko Dar. Mabasi ya Kimara, yanayopita Ubungo, na ya Morocco hupita njia moja kutoka mjini na kuachana pale. Nikashuka Mkwajuni nikicheka peke yangu, mtu wa steji nzima kupandishwa gari ambalo siye alikuwa akilingoja. Kosa langu, maandishi yalikuwapo mbele ya basi. Ila mimi nasoma. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwa anasoma, na angefika Morocco kabla ya kumuuliza mtu.

Hiyo ndiyo Panda. Kituo kimoja, jukwaa moja, treni mbili za kwenda kwingine na kwingine.

Addis Ababa wameijenga kwa reli. Reli yao nyepesi ilifunguliwa Septemba 2015, kilomita 34 hivi, vituo 39. Njia moja inakwenda mashariki na magharibi, nyingine kaskazini na kusini, na badala ya kukatana mahali pamoja zinapita reli moja kwa kipande cha karibu kilomita tatu. Vituo vitano vinatumiwa na zote mbili: Stadium, Legehar, Mexico, Tegbared na Lideta. Faida yake ni kubwa na sitaki kuificha. Anayebadilisha njia habanani ngazini wala havuki barabara. Anashuka, anasimama pale aliposhuka, na treni inayofuata ikiwa ni ya njia nyingine anaipanda. Tena ana vituo vitano vya kufanyia hivyo, si kimoja, kwa hiyo msongamano unagawanyika.

Kijana aliposikia hayo akatabasamu, akadhani nimekwisha.

Nikamwambia ahesabu miisho yake minne. Kiwanja cha ndege inaungana na Sabaki, Casuarina inaungana na Ganda. Je, anayetoka kiwanja cha ndege kwenda Ganda? Anabadilisha. Anayetoka Casuarina kwenda Sabaki? Anabadilisha. Anayetoka kiwanja cha ndege kwenda Casuarina, yule mgeni mwenye masanduku ambaye mchoro mzima umechorwa kama kwa ajili yake, anaingia hadi kituo cha kwanza cha pamoja kisha anageuka kurudi kusini, na hapo lazima avuke upande wa pili. Panda haijafuta kuunganisha. Imekuhamishia mahali pengine tu.

Halafu kuna suala la treni ngapi. Tuseme una treni za kutosha kupitisha moja kila dakika 10 kwa kila njia. Kwenye Panda, mjini zitapita kila dakika tano, jambo tamu sana kwa mtu wa sokoni. Huko mikononi, njia zikishaachana, ni kila 10. Kwenye Mkasi ni kila 10 kila mahali. Kwa safari za ndani ya mji, basi, Panda inashinda, na mwenye mji ambao watu wake wote hawatoki katikati aichukue asisite.

Nilichokiogopa mimi ni siku mbaya. Lori la mchanga likiharibika juu ya reli ya Ganda, treni za huko zinachelewa. Kwenye Panda zile zilizochelewa zinaingia mjini kati ya zile za kiwanja cha ndege, na sasa hata mtu wa Sabaki, ambaye hana habari na lori lile, anangoja. Kwenye Mkasi ugonjwa wa Ganda unabaki kwa Ganda, isipokuwa pale msumarini tu. Waliowahi kufanya kazi ya kupanga foleni steji wanajua: gari moja likisimama vibaya kwenye mdomo wa kutokea, magari ya Mombasa, ya Garsen na ya Watamu yote yanafungwa, na kila abiria anamtukana dereva wake mwenyewe.

Lakini Mkasi nao una sharti, na ukilikosa ni bora uchague Kamba ukalale. Sharti ni kwamba kuunganisha kusihisiwe. Wapangaji wa usafiri huihesabu dakika moja ya kungoja kama mbili za kukaa ndani ya gari, na mtu aliyewahi kusimama Mtwapa saa saba mchana hana haja ya kuelezwa kwa nini. Treni zikipita kila dakika 10 bila mpango, anayebadilisha atangoja tano kwa wastani, na moyoni mwake ni kumi. Kumi juu ya safari ya dakika 15 ni nyingi. Ataita bodaboda.

Dawa zake ni mbili, na zote zina mahali zilipojaribiwa.

Ya kwanza ni saa. Uswisi tangu 1982 wanaziendesha treni kwa ratiba inayojirudia saa baada ya saa, na kwenye stesheni kubwa zinafika karibu kwa pamoja, watu wanavukiana, zinaondoka. Kwa Mkasi wa Malindi maana yake ni kwamba treni nne, za pande nne, zifike msumarini saa mbili kamili, saa mbili na dakika 10, na kuendelea, zikae dakika moja, ziondoke. Kijana aliuliza: ikiwa moja imechelewa, nyingine zingoje? Swali zuri kuliko mchoro wenyewe. Jibu langu ni zingoje dakika moja, si zaidi, na usiku treni ya mwisho ingoje mpaka mwenzake afike, maana kumwacha mtu mjini saa nne usiku si sawa na kumwacha saa nne asubuhi. Sisi pwani tumezoea gari linalotoka likijaa. Gari linalotoka kwa saa linahitaji adabu nyingine, kwa dereva na kwa abiria.

Ya pili ni hatua. Hong Kong wana vituo viwili vinavyofuatana, Mong Kok na Prince Edward, ambapo njia mbili zinasimama pande mbili za jukwaa lilelile. Kwenye kimoja unavuka jukwaa kuendelea mbele upande uleule, kwenye kingine unavuka kugeuka nyuma. Huteremki ngazi, hupandi ngazi. Hiyo ni reli kubwa ya chini ya ardhi, lakini fikra haina ukubwa. Nilimshauri msumari wa mkasi usiwe nukta. Njia mbili zikikutana zitembee sambamba kwa vituo viwili, kila moja kwenye reli yake, jukwaa likiwa katikati yao, halafu ziachane. Hapo amepata utamu wa Panda bila ya ugonjwa wake. Gharama yake ni upana: reli nne, za kwenda na za kurudi, na jukwaa katikati zinataka barabara pana, na mji wetu wa kale hauna. Ndiyo maana msumari hauwezi kukaa karibu na Msikiti wa Juma na makaburi ya minara, hata kama ndiko mji ulikoanzia.

Na tiketi. Kama kuunganisha kunamaanisha kulipa mara mbili, kama tunavyofanya kwenye matatu, Mkasi umekufa siku ya kwanza. Kijana hakuwa ameandika neno lolote kuhusu nauli. Akaandika.

Somo la Lamu

Anayetaka kujua kuunganisha aende Amu, ambako hakuna njia nyingine ya kuishi. Ndege inatua Manda, kisiwa kingine. Unatoka na begi lako, unatembea dakika chache hadi gatini, mashua ziko pale, unavuka, unashuka Mkunguni, na mzigo unapandishwa juu ya punda. Aliyekuja kwa basi anashuka Mokowe na mashua ziko mbele yake. Hakuna mtu aliyechora mchoro wa rangi. Mashua ziko pale kwa sababu abiria wako pale.

Nilichokumbuka zaidi ni ngazi. Maji yakiwa yamejaa unapiga hatua moja kutoka gatini hadi mashuani. Maji yakitoka, ngazi zenye ukungu wa mwani zinafichuka, na mama mwenye mtoto na ndoo anateremshwa kwa kushikwa mikono na watu wawili. Safari ileile, nauli ileile, tofauti ni kimo tu. Ndivyo ilivyo kwenye treni. Sakafu ya chini, sentimita 30 na kitu kutoka kwenye reli, na jukwaa la kimo hichohicho, ni tofauti ya mama karanga, yule mwuza samaki wa kukaanga, kuingia na ndoo yake ya samaki au kubaki nje akiiangalia. Nilimuuliza kijana jukwaa lake lina kimo gani. Ramani, akasema, huchorwa kutoka juu.

Njia inapoishia

Hapa sitakawia, maana kila mtu wa pwani anayajua. Tangu 2017 anayeshuka treni ya Nairobi yuko Miritini, na kisiwa cha Mombasa bado kiko mbele yake. Lazima aunganishe, na sisi wa Malindi tunaongezea kilomita 120 za barabara juu yake. Addis Ababa vilevile: treni ya kwenda Djibouti inaondokea pembezoni, Furi-Lebu, ambako reli nyepesi haifiki. Reli kubwa hupenda kuishia penye nafasi. Reli ya mjini ina kazi ya kuishia penye watu.

Mauritius walilishika hilo. Treni yao ya Port Louis hadi Curepipe, kilomita 26, kwa sehemu kubwa inafuata njia ya reli ya zamani iliyofungwa 1964, na Port Louis kituo cha Victoria kimewekwa pamoja na stendi ya mabasi. Unashuka treni, basi la kijijini liko pale. Dar nako, Kivukoni iko jirani na pantoni ya Kigamboni.

Michoro yote mitatu ya kijana ilipita mjini kwa Lamu Road, penye mabenki na maduka ya vioo, na msumari wa Mkasi aliuweka hukohuko. Steji ya magari ya Mombasa ilibaki pembeni. Nilipomuuliza kwa nini, akasema ndipo palipo katikati ya mji. Katikati ya mji kwa nani? Anayetoka Garsen na gunia la maembe hana shida na benki. Anataka gari la Mombasa. Anayetoka Gede, kilomita 15 hivi kusini, anashuka steji. Tuktuk ziko steji. Msumari ukae hapo, na tuktuk zipewe mahali pao ndani ya mchoro, zisiachwe zijitafutie, kwa sababu zitajitafutia, na mahali zitakapopapata ni juu ya reli.

Kwenye hili Kamba haina ubaya wowote. Ikipita steji inatosha. Na kama fedha ni za njia moja tu, Kamba ndiyo ya kujenga, mradi kituo cha steji kiachiwe upana wa majukwaa ya siku zijazo. Kamba iliyoachiwa upana inaweza kugeuka Mkasi baadaye. Panda huwezi kuijenga nusu: makutano yake mawili, ya kusini na ya kaskazini, yakija kuongezwa baadaye yanafunga mji wote, kwa sababu treni zote zinapita hapo.

Fedha, chumvi, mvua

Addis Ababa waliijenga yao kwa dola milioni 475, fedha nyingi zikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Gawanya kwa kilomita 34, ni karibu dola milioni 14 kwa kilomita, kwa bei za wakati ule. Kilomita 10 za Kamba kwa bei hiyo ni milioni 140. Edinburgh, mji tajiri, walifungua yao 2014, kilomita 14 tu, kwa pauni milioni 776, zaidi ya mara mbili ya walivyokuwa wamepanga, na sehemu ya tabu ilikuwa mabomba na nyaya za chini ya barabara zilizolazimu kuhamishwa. Mwenye kuchagua aulize kila mchoro unapita juu ya mabomba ya nani. Tena vipuri: treni za Addis nyingi zimewahi kusimama kwa kukosa vipuri, na treni kila dakika 10 kwenye karatasi inageuka kila 20 zikifa nusu. Panda na Mkasi zote zinaumia, lakini Mkasi unaumia zaidi, kwa kuwa kungoja msumarini kunaongezeka maradufu. Hilo niliandika upande wa Panda, kwa haki.

Chumvi ya bahari inakula chuma, kila mwenye baiskeli Malindi anajua. Njia ya Casuarina iko karibu na maji kuliko zote. Mvua za Mei nazo hufanya barabara kuwa mito midogo, na reli iliyolazwa chini ya usawa wa barabara hugeuka mtaro. Kijana hakuwa amechora mtaro hata mmoja.

Nilichochagua

Mkasi, wenye msumari wa vituo viwili sambamba penye steji, njia ya kiwanja cha ndege na Sabaki ijengwe kwanza. Mpangaji wa mji ambao watu wake wengi husafiri katikati tu, na ambao una treni nyingi za akiba na mtu wa kuzitengeneza, achague Panda bila kunisikiliza.

Asubuhi yake tulikwenda steji. Nilimtaka ahesabu hatua kutoka mlango wa gari la Mombasa hadi tuktuk ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo stesheni ya kuunganisha tuliyo nayo leo. Mimi nilipata 64. Yeye alipata 81, akasema nimekosea. Tukarudia. Nikaona sababu: nilikuwa naruka mtaro, kama nilivyozoea, na yeye alikuwa amebebeshwa na bibi mmoja gunia la nazi, akauzunguka. Aliliweka gunia ndani ya tuktuk, akatoa daftari, akaandika 81.